Kutoka Marufuku ya 1974 Hadi Darasa la Tovuti

Ndugu Mhariri amenitaka nieleze jinsi elimu ya kutengeneza tovuti ilivyotufikia sisi, tuliosoma wakati shule nzima ilikuwa na mashine moja tu ya taipu, nayo ikifungiwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Nimekubali, ingawa mimi ni mtumishi wa Serikali tu wala si fundi mitambo.

Habari yenyewe huanza mbali. Serikali yetu ilipata kompyuta ya kwanza mwaka 1965, ikawekwa Wizara ya Fedha. Baada ya miaka michache jaribio la kuhamishia mahesabu ya Serikali katika mashine lilikwenda mrama, na mwaka 1974 ikatoka amri ya kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni. Wapo wanaoicheka amri ile. Mimi siicheki, kwani nchi iliyokuwa ikitafuta fedha za kigeni za kununulia mahindi wakati wa ukame ilikuwa na haki ya kuhoji mashine zisizoleta faida. Walakini gharama yake tulikuja kuilipa sisi. Amri ililegezwa miaka ya 1980, lakini walimu waliokuwa wameijua kompyuta walikuwa wachache mno, na asiyefundishwa atafundisha nini?

Huko Geneva, katika kituo cha utafiti cha CERN, Mwingereza Tim Berners-Lee alitoa pendekezo lake mwaka 1989, na kufikia mwaka 1991 tovuti ya kwanza ilikuwa tayari. Kwa maoni yangu siku kubwa zaidi ni tarehe 30 Aprili 1993, CERN ilipotangaza kwamba kazi ile ni ya watu wote, bila malipo. Mwaka 1995 nchi yetu ikaandikishiwa jina lake la mtandao, yaani .tz.

Mimi niliingia darasani mwaka 2002, katika chuo kimoja cha Dar es Salaam, masomo ya jioni kwa wanaoanza. Wanafunzi tulikuwa thelathini, kompyuta nane, na umeme ukikatika mara kwa mara. Kwa sababu hiyo mwalimu alituamuru tuandike kurasa zetu kwanza katika daftari, kwa kalamu. Tulinung'unika sana. Lakini hapo ndipo nilipoelewa kwamba ukurasa wa tovuti ni maandishi ya kawaida yaliyotiwa alama: hii ya kichwa cha habari, hii ya aya, hii ya kiungo cha kumpeleka msomaji ukurasa mwingine. Kila alama ifunguliwayo hufungwa. Ukifungua alama ya herufi nzito ukasahau kuifunga, maneno yote yanayofuata huwa mazito. Ni sawa na mtu aliyefungua ndiva alfajiri kisha akarudi kulala. (Kwa wasio wenyeji: ndiva ni bwawa la jadi la Wapare, linalokusanya maji usiku ili yafunguliwe mashambani asubuhi.)

Kila mwanafunzi alitakiwa kutengeneza kurasa tatu. Wenzangu wengi waliandika kwa Kiingereza, habari za timu za mpira za Ulaya. Mimi niliandika kwa Kiswahili habari za maji ya kwetu Kihurio. Mwalimu akaniuliza, "Na nani atazisoma?" Sikuwa na jibu. Nilimwandikia mjomba, naye akanijibu kwa barua ndefu yenye majina ya wazee waliochimba mfereji wetu, na zamu za kila ukoo. Nikayaandika katika daftari, kisha katika kompyuta, nikaziweka kurasa zangu katika nafasi ya bure iliyotolewa na kampuni moja ya ng'ambo.

Miezi minne baadaye msomaji akapatikana. Mwenzetu mmoja wa shule hii, aliyekuwa masomoni Uingereza, aliniletea barua pepe kwamba nimekosea jina la mzee wa nne, ambaye ni babu yake mzaa baba. Nikafungua faili, nikasahihisha, nikamshukuru. Kazi ya dakika mbili! Gazeti lingehitaji toleo jingine.

Sasa sikilizeni kosa langu. Sahihisho lile sikulirudisha katika daftari. Miaka ikapita. Mwezi Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam, mtandao ukaanza kwenda kasi, nikazitafuta kurasa zangu ili niwaonyeshe watoto. Kampuni ile ilikuwa imefunga huduma yake ya bure. Disketi niliyotunzia nakala ilikuwa haisomeki tena, na anwani yangu ya barua pepe ya wakati ule ilikwisha kufa kitambo. Barua ya mjomba sikuihifadhi, na mjomba mwenyewe amekwisha fariki.

Daftari lipo. Jina la mzee wa nne nimelipiga mstari, na mbele yake nimeacha nafasi. Nitakuja nalo siku ya mkutano wetu. Ndugu uliyeniandikia kutoka Uingereza, ikiwa unasoma haya, naomba unitafute. Na vijana wa darasa la kompyuta wakae karibu, ili waziandike upya kurasa zile tatu.