Gari kuukuu la paa la kukunja: namna ya kulifufua bila kuhatarisha maisha

Gari lililotelekezwa uani huuzwa kwa bei nafuu, na ndiyo sababu huwavutia vijana wenye ufundi mkononi na fedha kidogo mfukoni. Hata hivyo, gari la wazi, yaani lenye paa la turubai linalokunjwa, lina udhaifu ambao sabuni na polishi haviwezi kuuponya. Makala haya yanaeleza hatua za kulisafisha na kulihuisha, na mambo ya kukagua kabla ya kutoa hata kwacha moja.

Kwa nini gari la wazi ni tofauti

Katika gari la kawaida, paa si kifuniko tu. Ni sehemu ya mifupa ya gari: huunganisha nguzo za mbele na za nyuma, na hulizuia bodi lisijipinde. Gari la wazi halina mfupa huo. Uzito wote hubebwa na sakafu pamoja na vizingiti, yaani yale maboksi ya bati yanayopita chini ya milango. Kutu ikivila vizingiti hivyo, gari laweza kupinda katikati kama kitabu linapopita juu ya tuta, na likigongwa ubavuni abiria hana kinga.

Magari ya namna hii yanayoonekana katika ukanda wetu ni ya aina chache. Ipo Mazda MX-5, iliyozinduliwa mwaka 1989 na kuuzwa Japani kwa jina la Eunos Roadster. Zipo Suzuki ndogo za turubai, na zipo Land Rover za zamani. Malawi huendesha upande wa kushoto, sawa na Japani, na kwa hiyo magari yaliyotumika Japani huingia nchini yakiwa na usukani upande unaofaa.

Land Rover ina tofauti yake: bodi lake limewekwa juu ya chesisi nzito ya chuma, na nguvu yake haitegemei paa. Hapo jambo la kukaguliwa ni chesisi yenyewe, hasa upande wa nyuma ambako tope hukwama.

Ukaguzi kabla ya kununua

Usianze na rangi. Fungua na ufunge kila mlango taratibu. Utazame pia mwanya ulio kati ya mlango na bodi: ukiwa mwembamba juu na mpana chini, au mlango ukikwama, huenda gari limeanza kulegea katikati. Rudia jaribio hilo gari likiwa limeinuliwa na kuegemezwa juu ya stendi imara. Kamwe usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Kisha inua kapeti. Sakafu yenye unyevu hueleza mengi kuliko muuzaji. Gonga vizingiti kwa mpini wa bisibisi: bati zima hutoa mlio mkali, bati lililooza hutoa mlio mzito uliokufa. Pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa. Isiposhika, huenda chini ya rangi kuna pati nene iliyojazwa kuficha tundu. Jaribio la sumaku halifai kwa bodi la Land Rover ya zamani, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni aluminiamu.

Vyote ving'aavyo si dhahabu. Katika maonyesho ya Concours d'Elegance ya Nairobi, yaliyoanza mwaka 1970, waamuzi hawaishii kwenye mng'ao wa nje. Huchungulia injini na uvungu wa gari pia. Mnunuzi wa Lilongwe naye ana haki ya kupiga magoti.

Maji yaende wapi

Mvua za Lilongwe hunyesha takriban kuanzia Novemba hadi Aprili. Paa la turubai limetengenezwa likijua kwamba maji yatapita pembeni. Kwa hiyo magari mengi ya wazi yana matundu ya kutolea maji nyuma ya viti, penye pembe za paa. Majani na vumbi jekundu yakiyaziba, maji hutafuta njia nyingine, na mara nyingi huishia ndani ya vizingiti. Huko hukaa gizani na kulisha kutu kwa miaka.

Kuyazibua matundu hayo ni kazi ya dakika chache. Tumia mrija laini wa plastiki badala ya waya mkali, maana waya hutoboa mpira uliomo ndani. Mimina maji kidogo, kisha uyaone yakidondoka chini ya gari. Fanya hivyo kila mwaka kabla ya Novemba. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa gari la wazi methali hiyo hugeuka kidogo, kwani usipozibua tundu utachomelea sakafu.

Paa la turubai

Osha paa likiwa limefungwa, gari likiwa kivulini. Ondoa vumbi kavu kwanza kwa brashi laini. Vumbi la udongo likilowanishwa kabla ya kuondolewa husugua nyuzi kama msasa. Tumia maji na sabuni hafifu, fuata mshono, kisha suuza hadi povu liishe. Epuka maji ya shinikizo kubwa, dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, na petroli. Vyote vitatu huharibu uzi na gundi.

Dirisha la nyuma la plastiki hukwaruzika upesi. Lioshe kwa maji mengi na kitambaa laini, wala usilifute likiwa kavu. Asubuhi za baridi za Juni na Julai plastiki hiyo hukakamaa, hivyo usikunje paa kabla jua halijaipasha moto. Wala usikunje paa lililolowa, maana ukungu huota katika mikunjo na harufu yake haitoki kirahisi. Paa lililochanika si lazima litupwe. Fundi mzuri wa viti mwenye cherehani nzito aweza kulishona na kubadilisha raba za pembeni.

Ndani ya gari

Toa viti na kapeti vyote nje. Fanya hivyo kwa uangalifu, ukivaa glavu, kwa sababu panya, nge na nyoka hupenda gari lisilotembea. Kapeti zioshwe na kuanikwa hadi zikauke kabisa, na sakafu ikwanguliwe kutu na kupakwa rangi ya kuzuia kutu kabla hazijarudishwa. Viti vya ngozi vifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha vipakwe mafuta ya ngozi.

Mikanda ya usalama isafishwe kwa sabuni hafifu pekee. Mkanda uliochanika au kulika pembeni haushonwi, hubadilishwa. Katika gari lisilo na paa, mkanda ni mojawapo ya vitu vichache vinavyomshikilia abiria.

Kuiamsha injini

Kosa la kawaida ni kufunga betri mpya na kuwasha papo hapo. Gari lililolala miaka mingi liamshwe kwa hatua. Mwaga petroli ya zamani, kwa kuwa huchacha na kuacha utandu. Badilisha filta na mipira ya mafuta iliyopasuka. Badilisha oili na maji ya rejeta. Toa plagi, dondoshea oili kidogo katika kila silinda, kisha zungusha injini kwa mkono kwanza. Mkanda wa taimingi wa mpira ubadilishwe hata kama gari limetembea kidogo, maana mpira huzeeka kwa miaka na si kwa kilomita tu.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Yabadilishwe yote, na mipira ya breki ikaguliwe. Yakidondoka juu ya bodi, yasuuzwe mara moja kwa maji, kwani huichubua rangi. Vumbi la breki za magari ya zamani laweza kuwa na asbesto, madini yanayosababisha saratani ya mapafu. Usilipulize kwa kompresa. Lilowanishe na ulifute, ukiwa umefunika pua na mdomo.

Tairi zina tarehe yake ubavuni: tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Zikisomeka 2312, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2012, na haifai tena hata kama meno yake yangali marefu. Oili chafu iwekwe katika dumu lenye kifuniko, mbali na visima na watoto. Maji ya rejeta nayo yana ladha tamu lakini ni sumu.

Rangi iwe ya mwisho

Baada ya hayo yote ndipo zamu ya rangi hufika. Osha, kausha, kisha sugua kwa dawa ya kung'arisha sehemu ndogo ndogo, ukiwa mwangalifu kwenye kingo ambako rangi ni nyembamba. Maliza kwa nta. Ukilazimika kupiga msasa rangi ya zamani, tumia msasa wa maji, kwani huenda rangi hiyo ina madini ya risasi.

Karatasi na makubaliano

Gari haliruhusiwi barabarani bila kukaguliwa na kupewa cheti cha COF. Kabla ya kununua, hakikisha kwamba namba ya chesisi iliyo kwenye gari inalingana na ile iliyo kwenye kadi, na kwamba muuzaji ndiye mwenye jina hilo.

Kwa wasomaji wetu walioko Dzaleka, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 katika wilaya ya Dowa, kuna jambo jingine la kuzingatia. Mnamo Machi 2023 serikali ya Malawi iliwataka wakimbizi waliokuwa wakiishi nje ya kambi warejee kabla ya Aprili 15, na mwezi Mei operesheni ya kuwahamisha ikaanza Lilongwe. Kazi ya kufufua gari huchukua miezi, na katika muda huo hali ya mmiliki au ya fundi yaweza kubadilika ghafla. Kama gari limo katika gereji ya Area 23 na mwenyewe yuko kambini, au vifaa vya fundi vimebaki mjini, neno la mdomo halitoshi.

Andikeni makubaliano mafupi: gari ni la nani, limepokelewa lini na likiwa na vifaa gani, kazi gani itafanywa, nani ananunua vipuri, malipo yatatolewa kwa awamu zipi, na nani atakabidhiwa gari iwapo mmoja wenu hayupo. Wote wawili watie saini mbele ya shahidi, na kila mmoja abaki na nakala. Pigeni picha za gari kabla ya bolti ya kwanza kufunguliwa.