Dawa za kupaka kwa fangasi wa kucha

Fangasi wa kucha, hasa Trichophyton rubrum, hukaa chini ya kucha, na hapo ndipo dawa ya kupaka inapokwama: keratini ngumu haipenyeki kirahisi. Katika majaribio ya efinakonazoli ya asilimia 10, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014, ni asilimia 15 hadi 18 tu ya waliopaka kila siku kwa wiki 48 waliopona kabisa. Vidonge vya tabinafini hufanya vizuri zaidi. Kwa nini basi kupaka? Vidonge huweza, ingawa kwa nadra, kudhuru ini, na maambukizi mepesi yasiyofika shinani hayastahili hatari hiyo. Tena kucha ya kidole gumba cha mguu huchukua mwaka au zaidi kuota upya. Wengi huacha dawa mapema, kisha huilaumu.