Jina thabiti la kiolesura

Miaka ya nyuma, umeme ulikatika Lushoto usiku wa mvua ukarudi alfajiri. Seva ya ofisi niliyokuwa nikiihudumia ikawaka vizuri, ila intaneti ikagoma. Waya haukuguswa hata mmoja. Kadi mbili za mtandao zilikuwa zimebadilishana majina: eth0 ya jana, iliyokuwa ya intaneti, leo ni eth1, na mipangilio yake imeangukia waya wa ndani ya ofisi.

Linux ya zamani iligawa majina kwa kuwahi. Kadi iliyotambuliwa kwanza ndiyo eth0, ya pili eth1, kama abiria wanaogombea siti ya dirishani pale Mombo kabla gari halijapanda mlima. Aliyewahi leo, kesho huenda akakaa nyuma.

Januari 2013, toleo la 197 la systemd, mfumo unaosimamia huduma za Linux, lilikuja na utaratibu wa kuipa kadi jina kwa mahali ilipochomekwa. Chukua enp3s0: en ni etheneti, p3 ni basi la PCI namba 3 (hili halipandi mlima), s0 ni tundu namba 0. Kadi za Wi-Fi huanza na wl.

Wenye systemd wanayaita majina haya “predictable”, yaani yanayotabirika. Tafsiri hiyo siipendi. Hakuna fundi atakayekaa mbele ya seva ngeni akaagua enp3s0; anachotaka ni jina lisilogeuka kila mashine inapowashwa. Jina thabiti, basi. “Kiolesura” nalo lina sura ndani yake, hivyo linafaa zaidi kwa kioo cha simu kuliko kadi isiyotazamwa na mtu. Mafundi wanasema intafesi. Hata hivyo nalishika kiolesura, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka vitabuni.

Uthabiti wenyewe una mpaka. Wajerumani waliiita Lushoto Wilhelmstal. Mji uko palepale, jina liliondoka na Wajerumani. Na ukichomeka kadi nyingine kwenye madabodi, namba za mabasi zinaweza kusogea, enp3s0 ikaamka enp4s0.

Kama seva yako iko mlimani na fundi yuko Tanga mjini, usingoje hilo. Fungua faili ya .link ndani ya /etc/systemd/network, funga jina kwa anwani ya MAC ya kadi, jina ulilochagua mwenyewe. Mimi hutumia nje0 na ndani0. Linux inakubali hadi herufi 15.