Chembe Isiyokatika na Jedwali Lenye Mapengo

Vitabu vingi vya kemia vya sekondari hufungua sura ya muundo wa atomu kwa ukoo mfupi: Democritus alisema kila kitu kimeundwa kwa chembe zisizokatika, Dalton akamrithi, Thomson akagundua elektroni, Rutherford akagundua kiini, Bohr akapanga mizingo. Kisha huja sura ya jedwali la elementi, na Mendeleev huingia kana kwamba alipanga atomu zilizokwisha kufunguliwa na wengine. Ukoo huu una kasoro mbili. Umewasahau Wahindi na wanazuoni wa Kiislamu, ambao mjadala wao juu ya chembe haukupungua kina mbele ya ule wa Wagiriki. Tena umeyaozesha maswali mawili ambayo kwa zaidi ya miaka elfu mbili hayakuwa na udugu: mgawanyo wa kitu unakoma wapi, na vitu viko vya aina ngapi.

Jedwali la elementi halikuzaliwa na swali la kwanza. Lilizaliwa na la pili, karakanani, kwenye tanuri na mizani. Maswali hayo mawili yalikutana baadaye sana, na yalikutana pale tu atomu ilipopoteza sifa iliyoipa umaarufu wake, yaani kutokatika.

Tuanze na chembe. Katika karne ya 5 kabla ya Kristo, Leucippus na Democritus wa Abdera walifundisha kuwa kilichopo ni atomu na utupu tu. Atomu zote ni za maada moja. Zinatofautiana kwa umbo, kwa mpangilio na kwa mkao. Utamu, uchungu na rangi havimo ndani yake, bali hutokea zinapokutana na hisi zetu. Maandishi ya Democritus yamepotea karibu yote, na sehemu kubwa ya tunayoyajua imetufikia kupitia Aristotle, mtu aliyeukataa utupu na kuzikataa atomu.

Huko Uhindi, shule ya Vaisheshika, ambayo mapokeo yake humtaja Kanada kuwa mwasisi, ilifika kwenye chembe ya mwisho kwa hoja nyingine. Kama kila kitu kingegawanyika bila kikomo, walisema, basi Meru, ule mlima mkuu wa visasili vyao, ungelingana kwa ukubwa na punje ya haradali, maana vyote viwili vingekuwa na sehemu zisizo na idadi. Lazima basi mgawanyo ukome mahali. Lakini chembe zao si za maada moja. Ziko za ardhi, za maji, za moto na za hewa, na kila aina ina sifa yake: harufu, kwa mfano, ni ya ardhi. Wafafanuzi waliofuata wakaeleza jinsi zinavyoungana. Mbili hufanya jozi, na jozi tatu hufanya kitu kidogo kuliko vyote vinavyoonekana kwa macho, kama kivumbi kinachoelea katika mwale wa jua.

Basra na Baghdad za karne ya 9 zilikuwa na haja tofauti. Wanazuoni wa ilmu ya kalam, yaani teolojia ya Kiislamu, walitaka kueleza ulimwengu ulioumbwa, wenye mwanzo na wenye mipaka. Abu al-Hudhayl, mwanateolojia wa shule ya Muutazila huko Basra, alishikilia kuwa kiumbe hakiwezi kuwa na sehemu zisizo na mwisho. Wakabishana chembe ngapi zinatosha kufanya mwili wenye urefu, upana na kina: yeye alisema sita, Mu'ammar, Muutazila mwenzake, akasema nane. Baadaye wafuasi wa al-Ash'ari waliifanya chembe hiyo, jauhari pweke, kuwa nguzo ya itikadi yao. Chembe zote ni sawa. Rangi, joto na mwendo ni sifa zisizodumu nyakati mbili, na Mungu huziumba upya kila lahadha. Pamba ikigusa moto, anayeunguza ni Yeye. Moto wenyewe hauna uwezo huo. Itikadi ya Ash'ari iliota mizizi pia pwani ya Afrika Mashariki pamoja na fikihi ya Shafii, kwa hiyo mjadala huu si mgeni kwa wanaosoma tauhidi Lamu au Unguja.

Tukiziweka shule hizi tatu pamoja, tofauti yao inaonekana katika swali moja: kwa nini dhahabu si maji? Democritus anajibu kuwa atomu zina maumbo na mipangilio tofauti. Vaisheshika wanajibu kuwa chembe zenyewe ni za aina mbalimbali. Waashari wanajibu kuwa chembe hazitofautiani; kinachotofautiana ni sifa ambazo Mungu huziweka juu yake. Mwanafunzi wa leo ataona kuwa Wahindi ndio waliokaribia wazo la elementi, kwa kuwa kwao kila aina ya kitu ina aina yake ya chembe. Ataona pia kuwa Wagiriki na Waashari wamekaribia wazo la protoni, kwa maana protoni iliyo ndani ya dhahabu haina tofauti yoyote na iliyo ndani ya oksijeni.

Hapo ndipo ubishi wa nani aligundua atomu kwanza hupamba moto, na kila mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Ubishi huo hauna faida. Hakuna shule hata moja kati ya hizi iliyotoa uzani wa chembe, wala iliyoweza kutaja kitu ambacho hakijaonekana na kikaja kuonekana. Hawakuwa wakifanya kemia, na kuwalaumu kwa hilo ni kuwaonea. Mgiriki alitafuta kueleza mabadiliko, Mhindi alitafuta jinsi ukubwa unavyotokana na udogo, na mwanazuoni wa kalam alitafuta kuulinda uwezo wa Muumba.

Waliozipinga chembe nao wana haki yao katika historia hii. Hoja kali zaidi naiona kwa mwanafalsafa Ibn Sina. Weka chembe moja katikati ya mbili. Ikiwa kweli inazitenga, basi upande wake unaogusa ya kulia si ule unaogusa ya kushoto. Ina pande mbili, na chenye pande mbili kinagawanyika, angalau akilini. Ibn Sina aliitumia hoja hiyo kuiangusha chembe, na kwa hilo fizikia ya baadaye haikumfuata. Lakini aligusa mahali penyewe palipouma: chembe isiyo na ndani haiwezi kueleza lolote zaidi ya kuwapo kwake.

Swali la pili, la aina za vitu, lilikuwa na watu wake, na hao walikuwa na masizi mikononi. Abu Bakr al-Razi, tabibu wa Rayy aliyefariki takriban mwaka 925, alivigawa vitu kwa jinsi vinavyotenda. Kwanza vya madini, vya mimea na vya wanyama. Kisha madini akayatenga katika makundi sita: roho, yaani vile vinavyoruka kwa moto kama zebaki na salfa, metali, mawe, vitrioli, boraksi, na chumvi. Kigezo chake hakikuwa uzuri wala thamani ya kitu, bali kinafanya nini kikipashwa moto au kikiyeyushwa. Ajabu ni kwamba al-Razi huyohuyo aliamini atomu na utupu, na katika falsafa yake alieleza kuwa uzito au wepesi wa kitu unategemea kiasi cha utupu kilichochanganyika na chembe zake. Maswali yote mawili yalikaa katika kichwa kimoja, lakini makundi yake sita hayakutoka katika chembe zake. Yalitoka kwenye tanuri.

Maandishi ya alkemia yanayobeba jina la Jabir ibn Hayyan yalithubutu kwenda mbali zaidi. Yalidai kuwa kila metali ina sifa za nje na sifa za ndani, joto, baridi, ukavu na unyevu, na kwamba sifa hizo zimo kwa uwiano wa namba 1, 3, 5 na 8, ambazo jumla yake ni 17. Kubadili metali moja iwe nyingine kungekuwa kurekebisha uwiano huo. Hapa kuna wazo ambalo watu wa Abdera na wa Basra hawakuwa nalo: kwamba namba iliyofichika ndani ndiyo inayoamua kitu ni nini. Kasoro iko katika njia ya kuipata namba. Jabir aliitafuta katika herufi za jina la Kiarabu la metali, na mizani yake ikawa mizani ya herufi.

Mizani ya shaba ndiyo iliyobadili mambo. Mwaka 1789 Lavoisier alitoa orodha ya vitu 33 visivyochambulika zaidi, ingawa mwanga na joto vilikuwamo pia. John Dalton akaipa atomu kitu ambacho haikuwahi kupewa, uzani: hidrojeni ni 1, na nyingine zote zilinganishwe nayo. Tangu hapo kila aina ya atomu ilikuwa na namba inayopimika. Döbereiner mwaka 1829 alionyesha elementi zinazokwenda tatu tatu. Kwa hesabu za leo lithiamu ni 7, potasiamu ni 39, na katikati yake kamili inakaa sodiamu, 23. Tena zote tatu ni metali laini zinazochachamaa zikitiwa majini.

Mwaka 1860 wanakemia walikutana Karlsruhe, Ujerumani, ambako mwanakemia Mwitaliano Cannizzaro alitetea njia moja ya kukokotoa uzani wa atomu. Mmoja wa waliohudhuria alikuwa kijana Mrusi, Dmitri Mendeleev. Miaka 9 baadaye, akiandika kitabu cha kiada kwa wanafunzi wake wa St. Petersburg, alizipanga elementi 63 zilizojulikana kwa kufuata uzani, na akaona tabia zikijirudia kwa vipindi. Tabia zilipokataa kulingana, hakulazimisha elementi ikae pasipo pake, aliacha pengo. Mwaka 1871 akaeleza kwa kirefu tabia za elementi tatu ambazo hakuna aliyekuwa ameziona. Galiamu ilipatikana mwaka 1875, skandiamu 1879, germaniamu 1886. Kwa hii ya mwisho alitabiri uzani wa atomu wa 72 na msongamano wa 5.5, vipimo vikatoa takriban 72.6 na 5.35. Galiamu ilipopimwa mara ya kwanza ikatoa msongamano wa 4.7, Mendeleev alisema kutoka mbali kwamba inapaswa kukaribia 5.9. Ikasafishwa, ikapimwa tena, na ikawa 5.9.

Mtu huyu hakujua lolote kuhusu mizingo ya elektroni. Aliishi hadi 1907, miaka 10 baada ya Thomson kutangaza elektroni, na hakuipokea kwa furaha, kwa kuwa elementi kwake ilikuwa kitu kizima kisichovunjika. Baadhi ya wanakemia wakubwa wa zama zake, Wilhelm Ostwald akiwamo, walilitumia jedwali huku wakishuku kama atomu zipo kweli. Ostwald alikubali takriban mwaka 1909, baada ya majaribio ya Jean Perrin juu ya mwendo wa vijichembe ndani ya maji. Kwa hiyo jedwali lilisimama bila muundo wa atomu kwa miaka mingi, likiwa na sheria bila sababu.

Lilikuwa pia na madoa. Uzani wa teluriamu ni mkubwa kuliko wa iodini, lakini tabia ya iodini inaidai ikae chini ya klorini na bromini, kwa hiyo Mendeleev aliigeuza foleni na kudhani kipimo cha teluriamu kina kosa. Hakikuwa na kosa. Argoni, iliyogunduliwa 1894, ni nzito kuliko potasiamu inayoifuata. Dawa ya madoa hayo ilitoka ndani ya atomu. Rutherford alipendekeza kiini mwaka 1911. Bohr alizipanga elektroni katika ngazi za nishati mwaka 1913. Mwaka huohuo Henry Moseley, kijana wa Kiingereza, alianza kupima eksirei zinazotolewa na elementi moja baada ya nyingine, akaona kipeuo cha pili cha marudio yake kikipanda hatua kwa hatua bila kuruka. Kila hatua ilikuwa chaji moja zaidi katika kiini. Teluriamu ni 52, iodini 53. Argoni 18, potasiamu 19. Foleni ya Mendeleev ilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni kigezo. Moseley alionyesha hata namba zisizo na mwenyewe, 43, 61 na 75. Aliuawa vitani Gallipoli mwezi Agosti 1915, akiwa na miaka 27.

Ndipo sheria ikapata sababu. Lithiamu 2.1, sodiamu 2.8.1, potasiamu 2.8.8.1: zinafanana kwa kuwa kila moja ina elektroni moja tu katika mzingo wa nje, na ni rahisi kuiachia. Tofauti ya dhahabu na zebaki ni protoni moja, 79 kwa 80. Ukiwa umetoka kusoma kuhusu Jabir, huwezi kuacha kushtuka: kweli kuna namba ndani ya metali inayoamua metali ni nini. Lakini namba ya Moseley haibadiliki ukiiita dhahabu kwa Kirusi au kwa Kiswahili, na yeyote mwenye vifaa anaweza kuipima mwenyewe.

Ulinganisho huu una maana darasani. Mitaala yetu, Kenya na Tanzania, humpa mwanafunzi mpangilio wa elektroni kwanza, kisha jedwali kama matokeo yake. Ni njia fupi, na kwa mtihani inafaa. Hasara yake ni kwamba jedwali linageuka amri ya kukariri, wakati lilianza kama dai lililoweza kuonekana la uongo mbele ya watu. Mpe mwanafunzi kadi za elementi 20 za mwanzo zenye uzani na tabia peke yake, uondoe mbili, umwache azipange na kueleza zilizokosekana zinapaswa kuwa na tabia gani. Akishamaliza, mwonyeshe mizingo. Ataielewa 2.8.1 kama jibu, kwa sababu atakuwa amekwisha kuulizwa swali. Democritus, Kanada na Abu al-Hudhayl wabaki kitabuni, wote watatu, kama watu waliouliza vizuri mgawanyo unakoma wapi. Waliojenga jedwali ni wale waliopima, kuanzia al-Razi na tanuri lake, na hao nao wanastahili kuandikwa katika ukoo.