Skripti imefeli, lakini kompyuta inaambiwa imefaulu

Ikwiriri, wilayani Rufiji, inafahamika sana kwa watafiti wa afya. Mwaka 1998 ulianza huko mfumo wa kufuatilia kaya: wadodosaji walizitembelea mara tatu kwa mwaka na kuandika nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama. Data ya aina hiyo ikipotea hairudi, labda uanze tena kugonga hodi nyumba kwa nyumba.

Sasa chukua mfano. Skripti ya kwanza inanakili data ya siku kwenda kwenye seva. Ya pili inafuta nakala iliyo kwenye laptopu ili nafasi ipatikane. Zimeunganishwa kwa alama &&, yaani ya pili isianze mpaka ya kwanza ifaulu. Mtandao unakatika, ya kwanza inaandika “imeshindikana” kwenye skrini, na bado ya pili inafuta kila kitu.

Kwa nini? Kompyuta haisomi maandishi ya skrini. Inaangalia namba ambayo programu inaiacha inapotoka: 0 ni kufaulu, 1 hadi 255 ni kufeli.

Kwenye Python kosa hili ni rahisi mno. Ukisakinisha programu yenye amri yake, pip hutengeneza faili dogo linaloita main() na kupeleka jibu lake kwa sys.exit. main isiporudisha kitu, namba ni 0. Ikirudisha maandishi, yanachapwa kama ujumbe wa kosa na namba inakuwa 1. Mtego uko kwenye True na False: Python inahesabu True kuwa 1 na False kuwa 0. Kwa hiyo aliyeandika “return False” akimaanisha “imeshindikana” ameiambia kompyuta mambo safi. Ndicho kilichotokea hapo juu.

Dawa ni kurudisha 0 au 1 waziwazi, na kutoficha makosa ndani ya except. Kosa lisilodakwa hutoka na 1 lenyewe. Usirudishe idadi ya mafaili yaliyokwama pia; kwenye Linux, 256 inageuka 0.

Faili unaloliendesha moja kwa moja nalo liishie na sys.exit(main()). Ukiandika main() peke yake, jibu linatupwa.

Kupima ni dakika moja: zima intaneti, endesha skripti ya kunakili peke yake, kisha andika echo $?. Ikitokea 0, usiiunganishe na ya kufuta.