Kufuta rekodi za jina la kikoa kwa wakala wa kompyuta: Hatua za kuzingatia

MFANYABIASHARA wa Ngong au Kitengela ambaye anwani ya tovuti yake huishia kwa co.ke hana budi kufahamu kwamba tovuti hiyo inategemea orodha fupi ya rekodi. Rekodi hizo zikifutwa, tovuti hutoweka machoni pa wateja ijapokuwa kurasa zake zote zimo salama ndani ya seva.

Orodha hiyo ni sehemu ya mfumo wa majina ya vikoa, maarufu kama DNS, uliobuniwa na Mmarekani Paul Mockapetris mwaka wa 1983. Kazi yake ni kugeuza jina analolisoma binadamu kuwa nambari zinazotumiwa na kompyuta. Majina yanayoishia kwa ke husimamiwa na shirika la KENIC, lililokabidhiwa jukumu hilo mwaka wa 2002.

Kila rekodi ina wajibu wake. Rekodi ya A huonyesha nambari ya seva yenye tovuti, MX huelekeza barua pepe, na NS hutaja seva zinazotunza orodha yenyewe. Nayo TXT aghalabu hubeba uthibitisho kwamba barua pepe imetoka kwa mwenye jina.

Zamani fundi alibadilisha rekodi hizi kwa mkono, moja baada ya nyingine. Siku hizi kazi hiyo yaweza kuachiwa wakala, yaani programu ya akili unde inayopokea agizo kwa lugha ya kawaida na kulitekeleza kwa kutumia ufunguo wa siri iliopewa na mwenye kikoa. Wakala huokoa muda, lakini kosa lake pia hutendeka kwa nukta chache.

Madhara ya ufutaji usiokaguliwa yalidhihirika Oktoba 20, 2025 katika mitambo ya kampuni ya Amazon iliyoko jimbo la Virginia, Marekani. Programu moja iliyochelewa iliandika mpango wa zamani wa rekodi juu ya mpya. Nyingine ikaufuta mpango huo kwa kuuona umepitwa na wakati, ilhali ndio uliokuwa ukitumika. Anwani zote za hifadhidata ya DynamoDB katika eneo hilo zikaondoka.

Hitilafu hiyo ilianza saa tatu na dakika 48 asubuhi, saa za Afrika Mashariki. Wahandisi walilazimika kuingilia kati wenyewe, na rekodi zikarejea saa sita na dakika 25 mchana. Huduma nyingine ziliendelea kuyumba kwa saa kadhaa baadaye.

Hata hivyo, kuacha rekodi zilizokwisha kazi si suluhu. Tuseme duka la vifaa vya ujenzi mjini Ngong limefunga tawi lake la Kitengela, na jina la tawi hilo bado linaelekeza kwa huduma ya kukodi iliyokwisha. Tapeli aweza kuikodi nafasi hiyo na kuweka ukurasa bandia chini ya jina la duka. Rekodi hiyo yafaa kufutwa, almuradi hatua zifuatazo zizingatiwe.

Kwanza, wakala asome orodha nzima na kuhifadhi nakala ya kila rekodi: jina, aina, thamani na muda wake. Nakala hiyo iwekwe mahali ambapo wakala hawezi kufika.

Pili, agizo litaje rekodi moja kwa jina kamili, aina na thamani. Agizo la kufuta "kila kitu cha Kitengela" laweza kuondoa pia rekodi za barua pepe. Thamani iliyopatikana ikitofautiana na iliyotarajiwa, wakala asimame.

Tatu, wakala aonyeshe atakachofuta, na binadamu aidhinishe. Kumkataza kwa maneno pekee hakutoshi. Mnamo Julai 2025, wakala wa kampuni ya Replit alifuta hifadhidata ya mteja ingawa alikuwa ameagizwa asibadilishe chochote. Kizuizi kiwe katika ufunguo wenyewe: ufunguo wa kila siku uwe wa kusoma tu, na ule wa kufuta utolewe kwa kikoa kimoja na kwa muda mfupi.

Nne, chombo kizuiwe kabisa kugusa rekodi za NS, MX na zile za jina kuu la kikoa.

Tano, muda wa rekodi upunguzwe siku moja kabla, kwa mfano kutoka sekunde 86,400, ambazo ni siku nzima, hadi 300, yaani dakika tano. Muda mrefu huficha kosa, kwani seva nyingi huendelea kutoa jibu la zamani, na hasara ikaonekana kesho yake fundi akiwa hayupo. Isitoshe, seva zilizokwisha kuambiwa kwamba jina halipo hulikumbuka jibu hilo kwa muda uliowekwa katika rekodi ya SOA. Kwa hivyo, rekodi iliyorejeshwa huenda isionekane papo hapo.

Sita, baada ya kufuta, tovuti, barua pepe na malipo vijaribiwe. Iwapo taarifa za M-Pesa hupitia jina lililofutwa kimakosa, mteja atakuwa amelipa ilhali mtambo wa duka haujui. Ndiyo sababu kazi hii haifai kufanywa duka likiwa limejaa wateja.

Nakala ikiwepo, rekodi iliyopotea huandikwa upya kwa dakika chache. Isipokuwepo, fundi atabaki kukisia, na rekodi ya TXT yenye mamia ya herufi na tarakimu haikisiki.