Shahidi Kutoka kwa Watawala: Mwingereza Blunt Katika India ya Kikoloni

Mafakihi, katika mlango wa ushahidi, wameshurutisha kuwa shahidi asiwe na maslahi katika jambo analolishuhudia. Ndiyo maana neno la mtu dhidi ya watu wake mwenyewe likawa na uzito. Na katika kisa cha Nabii Yusuf (amani iwe juu yake), aliyeonyesha njia ya kumjua mkweli alikuwa shahidi wa jamaa za yule mwanamke. Kwa mizani hiyo tunamtazama Mwingereza Wilfrid Scawen Blunt (1840–1922), aliyezunguka India mwishoni mwa mwaka 1883 na mwanzoni mwa 1884.

Blunt alikuwa tajiri mwenye ardhi. Mwaka 1879 yeye na mkewe Anne walifika Hail, katika Najd. Huko Misri alisuhubiana na Sheikh Muhammad Abduh, na Urabi Pasha aliposhindwa vitani mwaka 1882, Blunt alimwekea mawakili kwa fedha zake. Alipokusudia safari ya India, Jamaluddin al-Afghani, aliyekuwa Paris wakati huo, alimpa barua za kumtambulisha kwa Waislamu wa huko. Kwa hiyo alikaribishwa na masheikh na wakuu wa miji kama mgeni, si kama bwana.

Mjini Patna, watukufu wa Kiislamu walimsindikiza mpaka stesheni ya treni. Daktari mmoja Mwingereza akawafokea waondoke karibu na behewa lake, akawatishia fimbo. Blunt alimkabili, kisha akapeleka mashtaka kwa Lord Ripon, mwakilishi wa Malkia. Lakini lililomuuma zaidi, kwa maelezo yake, ni kuona kwamba wenyewe waliotukanwa hawakushangaa. Kwao yalikuwa mambo ya kila siku. Na hii ilikuwa miezi ile ile ambayo walowezi walipiga kelele dhidi ya sheria ya kumruhusu hakimu Mhindi kumhukumu Mzungu, mpaka Januari 1884 ikapitishwa ikiwa imepunguzwa makali.

Huko Deccan alikuta jambo zito zaidi, nalo ni chumvi. Serikali ilikuwa imeihodhi, na tangu 1882 ilitoza rupia 2 kwa kila mani moja ya Kihindi, yaani kama kilo 37. Kuna mahali chumvi ilionekana wazi juu ya ardhi, na wanavijiji wakawapeleka ng'ombe wao usiku kwenda kuiramba. Walinzi waliamriwa kuwakamata ng'ombe hao, na chumvi yenyewe ikusanywe iharibiwe.

Hapa, ndugu msomaji, tusimame kidogo. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kuwa Abyadh bin Hammal alimwomba Mtume (rehema na amani zimshukie) ampe machimbo ya chumvi ya Ma'rib, naye akampa. Alipoambiwa kuwa chumvi ile ni kama maji yasiyokatika, aliirejesha. Kutokana na hadithi hii wanavyuoni, akiwemo al-Mawardi, wakasema kuwa madini yaliyo dhahiri, yasiyohitaji kuchimbuliwa, hayagawiwi mtu mmoja. Watu wote ni sawa humo, anayefika anachukua. Basi yule mwanakijiji aliyeswaga ng'ombe wake gizani alikuwa akichukua haki yake, na aliyeitwa mlinzi ndiye aliyekuwa mporaji.

Hata hivyo hatumpokei Blunt kwa kila alilosema. Alidai kuwa chuki baina ya Waingereza na Wahindi imeletwa kwa sehemu kubwa na wanawake wa Kiingereza, kwa kuwa walipokuja na waume zao milango ya nyumba ilifungwa. Hili hatulikubali. Si wanawake waliotunga kodi ya chumvi, wala aliyeinua fimbo pale Patna hakuwa mwanamke. Tena mazungumzo yake mengi yalikuwa na wakubwa, na vijijini hakukaa sana. Shahidi akiwa mkweli huthibitisha alichokiona tu.

Fikra zake kuhusu India alizichapisha mwaka 1885, na shajara ya safari ikatoka 1909. Chumvi iliendelea kutozwa kodi. Mwaka 1930 Gandhi alitembea kwa miguu mpaka pwani ya Dandi kwenda kuiokota. Kodi ilikuja kufutwa mwaka 1947, katika bajeti iliyosomwa na Liaquat Ali Khan, mwanafunzi wa zamani wa chuo cha Aligarh, ambacho Blunt alikitembelea katika safari ile.